Riwaya yetu inazunguka kwa zamu, na sasa maandishi ya pembeni yamegeuka kijembe

Shikamoo, Shangazi.

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo wengine wataliona dogo, kwa kuwa chanzo chake ni kitabu cha kuchekesha, lakini limeninyima raha na linaelekea kuwagawa marafiki ambao nimekuwa nao tangu tulipokuwa wanafunzi.

Nina umri wa miaka 36 na sijaolewa. Mwanzoni mwa mwaka huu nilinunua riwaya nyepesi inayowahusu wanawake wanne wanaoishi bila waume, kila mmoja akiwa na kazi yake, vituko vyake na jamaa wasiochoka kumuuliza ataolewa lini. Si kitabu cha kushinda tuzo, nami sidai hivyo, ila kilinichekesha mpaka nikaona ni choyo kukiacha kikae kabatini. Nilimpa rafiki yangu mmoja na kumwambia kwamba akimaliza ampe mwingine, kisha kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo nikaandika mpangilio wa zamu zetu, pamoja na ombi kwamba kila msomaji aandike pembezoni mwa kurasa chochote kitakachomjia akilini. Kati yetu wamo walioolewa, yumo mjane mmoja, na tupo ambao hatujaolewa.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Msomaji mmoja aliandika kando ya mhusika anayesema uongo kuhusu umri wake, “Huyu ni mimi kabisa.” Mwingine alibishana naye kurasa chache baadaye. Mjane wetu aliuliza, kwa mwandiko wake mzuri, kwa nini mwandishi anawakumbuka walioachwa na wachumba tu na kuwasahau walioachwa peke yao na kifo. Wawili walijibizana kuhusu mwisho wa hadithi, mmoja akisema kwamba ndoa ya mhusika mkuu imekuja kama zawadi ya kufuta makosa, mwenzake akisema kwamba mtu akishacheka kurasa mia tatu ana haki ya kupewa arusi. Kila kitabu kilipopita mkononi mwangu nikiwa njiani kumpelekea anayefuata, nilisoma maandishi hayo kwa furaha kuliko riwaya yenyewe.

Juzi kilinipitia tena, na nikakuta jambo lililonishtua. Katika riwaya yumo mhusika ambaye mchumba wake amemwacha, naye anaendelea kulipia ukumbi wa arusi kidogo kidogo kwa siri, akiamini kwamba mwanamume huyo atarudi. Pembeni mwa sura hiyo mmoja wetu ameandika jina la rafiki yetu, na kuongeza, “Huyu tunamjua.” Chini yake mwingine ameandika, “Na bado anasubiri.” Wa tatu ameweka alama za kicheko. Rafiki yetu huyo uchumba wake ulivunjika mwaka jana, ukiwa umebakiza wiki chache kufika arusini, na ndiye mwenye zamu inayofuata. Ameshaniuliza mara kadhaa kitabu kiko wapi, na anajua kwamba kimejaa maandishi kwa sababu sote tumekuwa tukiyazungumzia mbele yake.

Niliwashauri wenzangu wawili na nimezidi kuchanganyikiwa. Wa kwanza anasema turuke zamu yake na kumwambia kwamba kitabu kimepotea, kwa kuwa hata bila maandishi hayo hadithi yenyewe itamuumiza mtu aliye katika hali yake. Wa pili anasema nipige picha kurasa zote kwa simu, nifute maandishi ya pembeni, kisha nimtumie yeye na wengine wote waliobaki ili tuachane na foleni, na nilipositasita alinijibu kwamba hata sasa tunamnyima mwandishi fedha zake, maana watu wote hao wamesoma nakala moja, kwa hiyo nisijifanye mtakatifu. Mimi mwenyewe nimefikiria kuichana ile kurasa na kunyamaza. Je, nifanye nini? Na je, kitabu hiki bado ni changu kiasi kwamba naweza kuamua peke yangu?

Mwenye Kitabu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ni fupi. Kitabu ni chako. Hukukigawa, ulikiazimisha, na mpangilio wa zamu ulioandika mwanzoni ni ruhusa uliyotoa, si mkataba uliokufunga. Watu wanaozungusha vitabu hutofautisha kitabu kinachopita mikononi mwa wasomaji kadhaa na hatimaye kumrudia mwenyewe, na kile kinachoachiwa kiende kitakakokwenda bila kudaiwa. Wanachama wa BookCrossing, mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 2001 na Ron Hornbaker, ambamo kila kitabu hupewa namba ili safari yake ifuatiliwe, hutangaza mapema kama kitabu kitarudi au hakitarudi, na ninaona ni utaratibu wa kuigwa hata na marafiki wachache. Wewe hukusema, lakini kitabu kimekuwa kikipitia mkononi mwako kila mara, na hilo linatosha kuonyesha nia. Una haki ya kukisimamisha leo bila kuomba kibali cha mtu.

Sasa nije kwenye kiini, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa yule rafiki wa kwanza, anayetaka zamu irukwe. Amechanganya mambo mawili ambayo ni lazima yatenganishwe: kumkinga mwenzenu na kijembe, na kumkinga na hadithi. La kwanza ni wajibu wenu. La pili ni dharau iliyovaa nguo ya huruma. Mwanamke ambaye uchumba wake umevunjika hakupoteza uwezo wa kucheka, wala hakuwapa marafiki zake kazi ya kumchagulia asome nini. Amekuwa akikiulizia kitabu hicho mara kadhaa, akijua vizuri kwamba kinahusu wanawake wasioolewa, na bila shaka ameshasikia kwamba mmoja wao aliachwa. Huenda anakitaka kwa sababu hiyo hasa. Riwaya za aina hii, ambazo wachambuzi wengi hupita kando yake wakiwa wamekunja pua, zina kazi moja zinayoifanya vizuri kuliko vitabu vizito: zinamwonyesha msomaji aibu yake akiwa amebebeshwa mtu wa kubuni, ili aitazame kwa mbali na kuicheka bila ya kuchekwa. Mhusika anayelipia ukumbi kwa siri anachekesha na kusikitisha kwa pamoja, na anayeweza kumwelewa zaidi ya ninyi nyote ndiye huyo mnayetaka kumnyima.

Isitoshe, uongo wa kwamba kitabu kimepotea hautadumu. Kitabu kilichosomwa na watu wengi na kuzungumzwa na wote hakipotei kimya kimya. Siku mmoja wenu atakapojisahau na kutaja kichekesho cha sura ya mwisho, mwenzenu atajua kwamba kilipotea kwake tu.

Tatizo basi si riwaya, ni mistari mitatu iliyoandikwa kwa kalamu. Naomba usidhani kwamba nalaumu desturi yenyewe ya kuandika pembezoni. Charles Lamb, mwandishi wa insha wa Uingereza, alipoandika mwaka 1820 juu ya waazimaji wa vitabu na waazimishaji, aliwalalamikia sana wale wanaoacha mapengo kwenye rafu za watu, lakini alimtoa lawamani rafiki yake Samuel Taylor Coleridge, kwa sababu vitabu vilivyopita mikononi mwake vilirudi vikiwa na maelezo ya pembeni yaliyoviongezea thamani mara tatu. Swali la mjane wenu ni la aina hiyo. Limeongeza kitu ambacho mwandishi hakukiona, na mimi ningelipa kukisoma kitabu hicho kwa ajili ya swali lake peke yake. Hata yule aliyeandika kwamba mhusika fulani ni yeye kabisa ametoa kitu chake mwenyewe, akajicheka kwanza. Lakini aliyeandika jina la mwenzake hakusema lolote juu ya kitabu. Alitumia kitabu kumsema mtu ambaye hayupo, mahali ambapo alijua kwamba mtu huyo angefika. Sijui kama alifanya hivyo kwa ubaya au kwa kusahau ni nani anayefuata katika foleni, na kusema kweli tofauti hiyo ni ya kumsaidia yeye zaidi kuliko mwenzenu.

Iko riwaya moja nyepesi inayoeleza jambo hili vizuri kuliko nitakavyoweza. Jane Austen, ambaye mwenyewe hakuolewa maisha yake yote, alitoa riwaya yake Emma mwishoni mwa mwaka 1815. Ndani yake yumo mwanamke wa makamo asiyeolewa, Bi Bates, ambaye husema sana, hushukuru sana, na msomaji humcheka kila anapofungua mdomo. Katika matembezi ya mlimani, watu wanapocheza mchezo wa kusema ama jambo moja la akili sana au mambo matatu ya kipuuzi, Bi Bates anajichekea na kusema kwamba matatu ya kipuuzi hayatampa taabu. Emma, msichana tajiri na mrembo, anashindwa kujizuia na kumjibu mbele ya wote kwamba taabu itakuwa kuishia kwenye matatu tu kwa mara moja. Bi Bates anachelewa kuelewa, kisha anaona haya. Baadaye Bwana Knightley, rafiki wa Emma wa siku nyingi, anamkemea, na hoja yake haiko kwenye utani wenyewe bali kwenye hali ya mtaniwa: kwamba mwanamke huyo ameshuka kutoka maisha mazuri, ni maskini, na huenda atashuka zaidi, kwa hiyo anastahili huruma kutoka kwa mtu aliye juu yake. Jambo lililo hodari katika sura hiyo ni kwamba hata sisi wasomaji tulikuwa tukimcheka Bi Bates kwa kurasa nyingi, na tulikuwa na ruhusa, kwa sababu yeye ni wa kubuni. Emma hakuwa na ruhusa hiyo. Emma naye hana mume wakati huo, na amewahi kutamba kwamba hataolewa kamwe, lakini mali yake inamkinga na kejeli zinazompata mwenzake.

Nataka utazame tena miandiko ile mitatu na ujiulize ni ya nani. Ikiwa waliocheka ni walioolewa na wametulia, utaona kwa nini kicheko chao kina uzito tofauti na kile ambacho ungekitoa wewe. Sisemi kwamba asiyeolewa ana leseni ya kumtania asiyeolewa mwenzake. Nasema tu kwamba utani hushuka vibaya pale ambapo mtaniaji hawezi kurudishiwa.

Ninamtaja Emma pia kwa sababu ya kile alichofanya baadaye. Asubuhi iliyofuata alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Bi Bates. Hakutuma mtu na hakungoja jambo lisahaulike. Kwenu nako inafaa iwe hivyo, na ndiyo maana sikubaliani na wazo lako la kuchana ukurasa. Kwanza, mwenzenu anajua kwamba kitabu kimejaa maandishi, na ukurasa uliochanwa katikati ya sura inayomhusu mwanamke aliyeachwa utamwambia yote ambayo umejaribu kuyaficha, tena utamwacha ayabuni maneno mwenyewe, na huenda akabuni mabaya zaidi. Pili, maneno hayo yameshasomwa na wasiopungua watatu, kwa hiyo si siri tena. Kilichobaki ni kuamua atayasikia kwa nani. Tatu, ukichana utakuwa umewasafishia walioandika makosa yao bila wao kujua, na safari ijayo wataandika tena.

Mtafute aliyeandika mstari wa kwanza, mkiwa wawili, wala usimpeleke mbele ya kundi. Mwonyeshe mwandiko wake. Mwambie kwamba kitabu hakitaondoka mkononi mwako mpaka yeye mwenyewe awe amezungumza na mwenzake, na kwamba hutamfanyia kazi hiyo. Wale wawili waliofuata waambiwe vilevile, ingawa aliyeanza ndiye mwenye mzigo mkubwa. Asiende na maelezo marefu ya jinsi ilivyokuwa mzaha. Inatosha aseme kilichoandikwa, akiri kwamba ni chake, na aombe radhi kabla kitabu hakijafika. Akikataa, utakuwa umepata habari muhimu kuhusu urafiki wenu, na hapo itakubidi umweleze mwenzenu mwenyewe, kwa ufupi, bila kutia chumvi na bila kuwatetea wengine.

Wakati huo huo, mtafutie mwenye zamu nakala nyingine safi ya riwaya hiyo, hata kama ni iliyokwisha kutumika, na mngeweza kuichangia mkiwa pamoja, hasa wale watatu. Asomaye kwanza nakala safi hukutana na mhusika kabla ya kukutana na maoni ya watu, jambo ambalo, ukiniuliza, kila msomaji wenu alistahili. Naona ndiyo kasoro ya utaratibu mliouweka: wa kwanza alisoma riwaya, lakini wa tano alisoma riwaya pamoja na mabishano ya wanne waliomtangulia, na huwezi kujua alicheka kwa sababu ya mwandishi au kwa sababu ya rafiki yake. Mkianza kitabu kingine, wekeni daftari pembeni linalosafiri pamoja nacho, ambalo msomaji hulifungua akiwa amemaliza. Na iwe sharti kwamba anayetajwa kwa jina ni mhusika wa kitabuni au mwandikaji mwenyewe, hakuna mtu mwingine.

Kuhusu kupiga picha kurasa zote na kuzituma, jibu langu ni hapana, na hapa rafiki yako wa pili amechanganya vitu viwili kama alivyofanya wa kwanza. Kuazimisha nakala uliyoinunua si sawa na kutengeneza nakala mpya ambazo hakuna aliyezinunua. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyohusu riwaya iliyochapishwa na kampuni ya Bobbs-Merrill. Ndani ya kitabu palikuwa na onyo kwamba muuzaji yeyote asiiuze chini ya dola 1, na kwamba atakayefanya hivyo atahesabiwa kuwa amevunja hakimiliki. Wenye duka la Macy's wakaiuza kwa senti 89. Mahakama ilisema kwamba mwenye hakimiliki akishaiuza nakala, sheria ya hakimiliki haimpi mamlaka ya kumwekea mnunuzi masharti ya bei pale anapoiuza tena. Kanuni ya namna hiyo inakubalika katika nchi nyingi, na ndiyo inayowapa amani watu wanaouza, kugawa na kuazimana vitabu vya karatasi. Lakini inahusu ile nakala moja, inayoondoka kwako inapokwenda kwa mwingine. Picha za simu hazikuondokei. Zinaongezeka, na zikishatumwa mara moja hujui zitaishia wapi. Ndiyo sababu pia vitabu vya kielektroniki huwa na masharti tofauti, kwa kuwa mara nyingi mnunuzi huwa amepewa ruhusa ya kusoma tu, hakununua nakala ya kupitisha.

Foleni ikiwachosha, wekeni muda wa mwisho kwa kila zamu. Wasomaji wa Uingereza wa karne ya 19 walikuwa na dawa yao: maktaba za kukodisha kama ile ya Mudie, iliyoanza mwaka 1842, zilipenda riwaya zilizogawanywa katika juzuu tatu, kwa sababu wasomaji watatu waliweza kuwa na hadithi moja kwa wakati mmoja. Siwashauri mkate chenu vipande.

Na kuhusu fedha za mwandishi, hilo ni swali la haki ambalo halikupaswa kuulizwa kama kijembe. Austen huyo huyo, katika barua aliyomwandikia binti wa kaka yake mwezi Novemba 1814, alisema kwamba watu wako tayari kuazima na kusifu kuliko kununua, kisha akakiri kwamba yeye hupenda sifa kama mtu mwingine yeyote lakini fedha nazo anazipenda. Sidhani kama alikuwa akitaka watu waache kuazimana. Msomaji aliyepewa riwaya bure na kucheka ndiye atakayekinunua kitabu kinachofuata cha mwandishi huyo, au atakayempa dada yake zawadi, na waandishi wa hadithi nyepesi, ambao magazeti makubwa huwaandikia mistari miwili wakibahatika, huishi kwa maneno ya mdomo kuliko waandishi wengine wote. Anayeona kwamba mmemdhulumu anaweza kulimaliza kwa kununua nakala yake mwenyewe, na kwa kuwa rafiki yako wa pili ndiye aliyelitaja, mwanzie yeye.

Ile nakala yenye maandishi ibaki kwako kwa sasa. Usiifiche na usiipitishe. Mwenzenu akishazungumza na walioandika na kumaliza nakala safi, mwambie kwamba ya zamani ipo na kwamba akiitaka atapewa kama ilivyo. Akiitaka, mpe na kalamu.

Shangazi